Marehemu wa Malangali

Siku niliyosoma kwamba tumekufa, nilikuwa nimembeba Beda mgongoni. Alikuwa amelala, pua yake imenibana shingoni, anapumua joto lake dogo bila habari ya kitu chochote.

Nilikuwa natoka kliniki kumpima uzito. Njia ya kurudi kwetu Malangali inapita mbele ya ofisi ya ardhi, na mimi tangu nianze darasa la jioni la Elimu ya Watu Wazima sipiti penye maandishi bila kusimama. Nasoma gunia la chumvi, nasoma kopo la mafuta, nasoma mlango wa gari la watu. Mume wangu Alois, kabla hajaenda kazi ya barabara huko njia ya Mpanda, alinionya kwamba siku moja nitagongwa na lori huku nasoma limetoka wapi.

Barazani palikuwa na tangazo. Wananchi wote waliombwa kufika kuangalia mpango wa mji na kutoa maoni, kwa kuwa Sumbawanga sasa ni makao makuu ya mkoa na haiwezi kuendelea kukaa ovyo ovyo. Lilikuwa tangazo la siku nyingi, pembe zimejikunja. Kando yake imetundikwa ramani kubwa kama shuka. Mwananchi mwingine aliyefika kutoa maoni alikuwa mbuzi, naye alikuwa ameanza na kona ya chini ya tangazo.

Nikamfukuza. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba ramani haisomwi kwa kukodoa macho, inasomwa kwa ufunguo wake. Nikaanza kwa furaha, kama mtu anayefungua barua ya nyumbani. Barabara ya Mbeya ile pale. Soko lile. Shule yetu ile. Kutoka shuleni unapanda kidogo, unaupita mti wa Mzee Polikarp, unafika kwetu. Nikafika kwetu kwa kidole. Pamejaa misalaba. Misalaba midogo midogo, imechorwa kwa unadhifu, mstari kwa mstari. Nikarudi kwenye ufunguo. Msalaba: makaburi ya zamani.

Nilisoma mara ya pili, maana msomaji mpya hujilaumu yeye kwanza. Maandishi hayakubadilika.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu, Mama Kristiana, anapepeta ulezi uani. Yeye hakuwahi kulipenda darasa la jioni. Alisema mwanamke anayekwenda kukaa kwenye dawati na maziwa yanamdondoka, huyo anatafuta sababu ya kutochota maji.

"Mama," nikasema, "ofisini tumeandikwa makaburi."

Akaacha ungo. "Nani kafa?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi sote. Hii nyumba, shamba, kwa Bwana Masudi, kwa Tusekile, mpaka kwa Mzee Polikarp. Kwenye ramani ni makaburi."

Akanitazama, akamtazama Beda, akaurudia ungo wake. "Ndiyo faida ya kusoma hiyo. Mimi nisiyejua kusoma nilikuwa hai mpaka sasa hivi."

Nikaenda kwa Mzee Polikarp, kwa kuwa yeye huzungumza na kila mpita njia na habari zote huanzia kwake. Nilimkuta anaota jua, amejifunga blanketi; ilikuwa Juni, na upepo wa Ufipa mwezi huo hauna adabu hata kwa wazee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Beda. Mbona unahema?"

"Baba, wale vijana wa kupima ardhi waliopita mwisho wa masika, wenye kamera ya miguu mitatu, ulizungumza nao?"

"Sana! Vijana wazuri. Wa pwani, lakini wana heshima."

"Walikuuliza nini?"

"Waliniuliza vile vichuguu vyetu shambani ni vya nini. Nikawaambia, tumezika, bwana."

Lazima nieleze hapa, kwa msomaji ambaye hakukulia huku. Sisi Wafipa mvua zikikaribia kwisha tunakata majani, tunayalaza, tunayafunika kwa udongo hadi inakuwa tuta la mviringo, kubwa, limevimba mgongo. Tunaliita intumba. Majani yanaoza humo ndani, juu yake tunapanda maharage, na mwaka unaofuata tunalivunja tuta na kutawanya rutuba yake, tunapanda ulezi. Shamba zima linajaa matuta hayo, yamepangwa safu safu. Na Mzee Polikarp anapozungumza Kiswahili, Kifipa huwa kinatembea mbele yake. Kwake majani hayafukiwi. Yanazikwa.

"Wakasemaje?"

"Mmoja akaniuliza, mmezika wengi? Nikamwambia wengi sana, mwaka huu Mungu ametujalia. Akauliza, mnazika kila mwaka? Nikasema kila mwaka, na wanawake ndio wanaozika zaidi kuliko wanaume." Mzee akatabasamu kwa kumbukumbu hiyo. "Wakavua kofia, mwanangu. Hata mkwe wangu hajawahi kunivulia kofia."

Nikakaa chini kwenye jiwe, nikacheka hadi Beda akaamka. Lakini nilipomaliza kucheka niliogopa. Nyumba yetu Alois aliijenga kwa mikono yake. Lile shamba ndilo linalotulisha. Mtu aliyeandikwa kaburi hawezi kupewa kibali cha kuongeza chumba, hawezi kuomba bomba, na siku ofisi ikiamua lolote juu ya mahali pale, haitamwuliza, kwa kuwa nani amewahi kumwuliza maiti? Miaka hii watu wamehamishwa wakiwa hai na wana midomo. Sisi tungehamishwa kwa jembe na sala fupi.

Tangazo lilisema mkutano wa maoni utafanyika Jumamosi katika shule yetu. Nikaamua watu wote waje.

Nilianza kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Rafaeli. Akasema serikali ni ya wakulima na wafanyakazi, kwa hiyo haiwezi kumkosea mkulima, maana itakuwa imejikosea yenyewe. Nikamwambia, basi twende tuisaidie kujisahihisha. Akasema atalifikiria kwa kina. Rafaeli akilifikiria jambo kwa kina, huwa ndiyo mwisho wa jambo hilo.

Nikaenda nyumba ya pili, ya tatu. Kila mahali nilipewa kigoda, nilipewa togwa, Beda alipewa pongezi kwa mashavu yake. Kila mahali nilisema niliyofundishwa darasani: kwamba mpango wa mji ni wetu, kwamba maoni ni haki ya mwananchi, si hisani. Walinisikiliza vizuri. Mmoja akaniambia, "Mama Beda, unazungumza kama redio." Nikashukuru. Kumbe alimaanisha kwamba redio nayo hupaswi kuijibu.

Mwingine akashusha sauti. "Wewe wachokoze tu. Watatukumbuka, watupakie lori watupeleke Milepa, bondeni kule, tukachemke na watoto."

"Lakini tayari wametuandika wafu!"

"Ndiyo sababu nasema tunyamaze. Mfu hapelekwi Milepa."

Nilirudi nimechoka. Nikapita kwa jirani yangu Tusekile, Mnyakyusa aliyekuja na mumewe karani wa posta, mwenye cherehani mlangoni. Alinisikiliza huku anakanyaga cherehani.

"Unakosea pa kuanzia," akasema. "Unawaambia habari za haki. Haki nani ameiona? Waambie kilichochorwa."

"Kimechorwa misalaba."

"Haya, umekwenda kwa Bwana Masudi?"

Bwana Masudi alitoka Kirando, ziwani. Anauza dagaa wakavu na ndiye mwenye nyumba ya bati peke yake mtaani kwetu. Nilimwambia kwa adabu kwamba kwenye ramani ya ofisi nyumba yake imewekewa msalaba. Sikufika kwenye haki wala hisani.

"Imewekewa nini?"

"Msalaba, Bwana Masudi. Katikati ya paa."

"Mimi? Masudi bin Seleman? Msalaba?" Alifunga duka mchana kweupe. Kabla jua halijatua alikuwa amezunguka mtaa mzima, na kila alipopita watu walitoka nje kusikia. Wakatoliki walikasirika vilevile, wao kwa sababu misalaba ilichorwa bila Padri kubariki. Kazi niliyoifanya siku mbili kwa maneno ya darasani, Bwana Masudi aliimaliza kwa hasira kati ya alasiri na magharibi.

Jumamosi shule ilijaa hadi madirishani. Ndugu Rafaeli alikaa mbele kabisa, kama kwamba yeye ndiye aliyetuita. Afisa Ardhi, Ndugu Andwele, alikuwa kijana wa Mbeya, mpole, suti ya Chou En-lai imepigwa pasi, ameibandika ramani ubaoni kwa gundi ya ugali. Alifurahi mno kutuona. Nadhani alizoea kufanya mikutano ya maoni na mbuzi.

Mimi ndiye niliyeusemea mtaa. Beda alikuwa mapajani kwa bibi yake. Nilisimama, nikasema nilivyojiandaa: kwamba tunaishukuru ofisi kwa kututakia pumziko la milele, lakini bado tupo. Watu wakacheka. Nikaeleza habari ya majani, habari ya intumba, habari ya Mzee Polikarp na vijana wa pwani. Nikamaliza: "Ndugu Afisa, pale hapajazikwa mtu hata mmoja. Sisi wa Malangali tu wazima, na tunataka tuandikwe wazima."

Makofi! Hata Rafaeli alipiga. Nilimtazama mama mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona kwamba ananionea fahari.

Ndugu Andwele naye alipiga makofi. Uso wake uling'aa.

"Ndugu wananchi," akasema, "hamjui mlivyotusaidia. Eneo lile ndilo tulilolitaka tangu mwanzo. Ni tambarare, liko karibu na barabara, halishiki maji. Mkoa unahitaji yadi ya malori na ghala la mazao. Tulipoletewa taarifa kwamba kuna makaburi tukaheshimu marehemu, tukaihamishia yadi nyikani kule, mbali, kwa shida kubwa. Sasa kwa kuwa dada huyu amethibitisha kwamba hakuna marehemu..." Akageukia ramani, akachukua kalamu.

Nilisikia cherehani ya Tusekile kichwani mwangu, na Tusekile mwenyewe alikuwa amekaa kando yangu, mikono imetulia.

Halafu mama mkwe wangu akapiga yowe.

"Baba yangu weee! Baba yangu aliyelala pale chini ya maharage! Nani atakulinda leo!"

Beda akashtuka akalia, na kilio chake kikasaidia. Dominiko fundi viatu akadakia kwamba babu yake yuko pale, na mjomba wake. Mwanamke mmoja wa nyuma akamlilia dada yake, na dada yake alikuwa amekaa ubavuni kwake. Bwana Masudi akasimama, akatangaza kwamba yeye pia ana marehemu pale.

"Bwana Masudi," Tusekile akamnong'oneza, "ulitoka Kirando juzi tu."

"Nilikuja naye," akasema.

Ndugu Andwele aliishusha kalamu. Alinitazama mimi. Wote wakanitazama mimi, na machozi yao, na macho yao makavu nyuma ya machozi.

"Dada," akasema, "wewe ndiye uliyetoa ushahidi. Niandike nini? Kuna makaburi au hakuna?"

Nikiri kwamba nilitamani uongo ule. Ulikuwa umeiva, nilitakiwa kuuchuma tu. Nyumba yangu ilikuwa imekaa juu ya ulimi wangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu, na niliona kwamba nikitamka makaburi yapo, tutaishi kwa kunyata maisha yetu yote. Beda angekuwa anacheza mpira juu ya babu wa kubuni.

"Ndugu Afisa, kabla sijajibu naomba kuuliza. Kaburi likiwa kwenye njia ya mpango wa mji, mnafanyaje?"

"Kuna utaratibu," akasema, akafunua kitabu chake cha kanuni. "Ndugu wa marehemu hutafutwa nyumbani mmoja mmoja. Huitwa, husikilizwa. Wakikubali, hutafutwa mahali pengine panapowaridhisha. Mila zao hufuatwa. Wakikataa, jambo hupelekwa juu."

"Na mtu aliye hai akiwa kwenye njia ya mpango?"

Akafunua kurasa. Akafunua tena. "Hubandikwa tangazo."

"Lile la barazani?"

"Ndilo hilo."

"Lile lililoliwa na mbuzi?" Bwana Masudi akauliza.

Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele, na Ndugu Andwele akainamisha kichwa kuficha mdomo wake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekiona nilichokuwa nakitafuta.

"Basi jibu langu hili hapa. Makaburi hakuna. Waliolia, wamelia kwa uchungu wa kweli, lakini uchungu wenyewe ni wa nyumba zao. Sisi hatusemi tumekufa. Tunaomba mtutendee kama mngetutendea tungekuwa tumekufa. Mje mlangoni. Mtuulize mmoja mmoja. Tukikataa, lipelekwe juu. Tunachoomba ni mtu aliye hai asizidiwe na maiti."

"Andika!" akasema Mzee Polikarp kutoka dirishani. "Andika hivyo hivyo, kijana, maana ninyi mkinisikia nusu mnaongeza misalaba."

Ndugu Rafaeli alihisi kwamba wakati wa balozi umefika. Akasimama, akanyoosha ngumi. "Marehemu hoyee!"

"Hoyee!" tukaitikia, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea, kabla hatujasikia tulichokiitikia.

Ndugu Andwele aliandika. Aliandika polepole, hakutabasamu tena, kisha akatusomea kwa sauti: Wakazi wa Malangali, ingawa wako hai, wanaomba kupewa haki zote wanazostahili marehemu. Akauliza nani anaunga mkono. Mikono ilipanda yote. Mama mkwe wangu alipandisha wa kwake na wa Beda.

Alipokuwa anakunja ramani alinijia. "Dada, mama yangu kule Tukuyu naye hulima kwa matuta, ila ya kwake ni marefu. Nilipoona ile misalaba nilijiuliza, makaburi gani yanapangwa vizuri namna hii."

"Na hukuja kuangalia?"

Akakuna kichwa. "Hapakuwa na mtu aliyeleta maoni."

Majibu yalichelewa. Tulivuna maharage, upepo ukapungua, tukachoma nyasi za kando, na kila siku ya kliniki nilipita barazani kuangalia. Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya upande wa Mbeya, nikaikuta ramani mpya. Sikuanza na ufunguo safari hii. Nilikwenda moja kwa moja kwetu kwa kidole.

Misalaba ilikuwa imefutwa kwa raba. Ukitazama kwa ubavu bado unaiona, mikwaruzo hafifu, kama kitu kilichokuwa na haya. Juu yake pameandikwa kwa mkono: Makazi na mashamba. Wenyewe waulizwe kwanza. Yadi ya malori imebaki kule kule nyikani.

Nilisoma kwa sauti, barazani, peke yangu, hadi karani akachungulia. Nikamwinua Beda nikamwonyesha. Akaupiga mji wote wa Sumbawanga kofi moja lenye mate.

Mtaani walinipokea kwa vigelegele. Ila ilinibidi niwaambie yote, maana nimeshaona hasara ya habari nusu. Mchoraji alisahau msalaba mmoja. Ulikuwa wa Bwana Masudi, katikati ya paa.

Alifunga duka. Mkutano ni Jumamosi, na safari hii si mimi niliyepita nyumba kwa nyumba. Ni yeye, na Rafaeli nyuma yake, anayelifikiria jambo hilo kwa kina huku anatembea.

Jioni hiyo nilikuwa najifunga mbeleko kwenda darasani. Mama mkwe wangu akatoka chumbani amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi ana kibao cha kuandikia alichokuwa ameazima kwa Tusekile.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Huko unakokwenda wewe."

"Wewe si ulisema..."

"Nilisema." Akanipokonya Beda, akamweka kiunoni kwake. "Lakini sitaki tena kuja kuambiwa na mkwe kwamba nimekufa. Safari nyingine nitajisomea mwenyewe."